Marekani "ilifuta" dharura ya Zimbabwe mwaka 2024: kilichoondoka ni vikwazo au ni anwani yake tu?

Karani_Mstaafu

Wanajamvi, salaam.

Kila inapokaribia tarehe 25 Oktoba, siku ambayo nchi za SADC zimeitenga kwa ajili ya kupinga vikwazo dhidi ya Zimbabwe, mabishano yale yale huanza upya. Siku hiyo ilipitishwa hapa hapa Dar es Salaam, Agosti 2019, katika mkutano wa 39 wa wakuu wa nchi, Rais John Magufuli alipokabidhiwa uenyekiti, kwa hiyo si jambo la mbali na sisi. Mmoja husema Marekani ilikwisha kuviondoa vikwazo Machi 2024. Mwingine humjibu kwamba huo ni uongo mtupu, kwa sababu siku ile ile Rais Emmerson Mnangagwa aliwekwa kwenye orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana hawasikilizani. Nimefungua uzi huu ili tulitazame jambo lenyewe kwa utaratibu, tukianzia kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye hisia.

Tarehe 4 Machi 2024 Rais Joe Biden alitia saini amri namba 14118. Amri hiyo ilikomesha hali ya dharura ya kitaifa ambayo Rais George W. Bush aliitangaza tarehe 6 Machi 2003 kuhusu Zimbabwe, na ikazifuta amri tatu zilizokuwa zimejengwa juu yake: ile ya 2003 yenyewe, ile ya Novemba 2005 iliyopanua aina ya watu wanaoweza kuguswa, na ile ya Julai 2008, iliyotolewa wiki chache baada ya duru ya pili ya uchaguzi ambayo mgombea wa upinzani Morgan Tsvangirai alijitoa kutokana na vipigo na mauaji ya wafuasi wake. Wino ukiwa haujakauka, ofisi ya Wizara ya Fedha inayojulikana kwa kifupi cha OFAC ikatangaza watu 11 na kampuni 3 za Zimbabwe chini ya mpango mwingine kabisa, unaoitwa Global Magnitsky. Humo walikuwamo Mnangagwa, mkewe Auxillia, Makamu wa Rais Constantino Chiwenga, Waziri wa Ulinzi Oppah Muchinguri, wakuu wa polisi, na mfanyabiashara Kudakwashe Tagwirei pamoja na kampuni ya Sakunda, ambao walikuwa wameguswa tangu Agosti 2020 chini ya mpango wa zamani. Mnangagwa naye hakuwa mgeni. Jina lake lilikuwamo tangu orodha ya kwanza ya 2003. Alitolewa kwenye daftari moja asubuhi akaandikwa kwenye jingine kabla ya jioni.

Neno "dharura" ndilo linalotupoteza. Kwetu lina harufu ya baruti: mtu wa Kenya atakumbuka hali ya hatari ya Oktoba 1952, na kafyu, na kambi za Manyani na Hola. Dharura ninayoizungumzia hapa haimzuii Mmarekani yeyote kutoka nje usiku. Ni ufunguo wa kabati. Sheria ya mwaka 1977, ile ya IEEPA, inampa rais uwezo wa kuzuia mali na miamala ya wageni bila kurudi bungeni kuomba ruhusa, lakini lazima kwanza atangaze kwamba lipo tishio lisilo la kawaida na lililopita kiasi, ambalo chimbuko lake lote au sehemu yake kubwa liko nje ya nchi, dhidi ya usalama, sera ya nje au uchumi wa Marekani. Pasipo tangazo, kabati halifunguki. Kwa hiyo Bush, aliyetaka kuzuia mali za Robert Mugabe na wenzake 76, ilimbidi auambie ulimwengu kwamba Zimbabwe, nchi isiyo na bandari wala manowari, ni tishio lisilo la kawaida kwa sera ya nje ya taifa lake. Kwa watawala wa Harare maneno hayo yalikuwa tusi. Kwa mwanasheria wa Washington yalikuwa ni fomu iliyojazwa ipasavyo.

Uhai wa tangazo lenyewe unasimamiwa na sheria nyingine, ya mwaka 1976. Ilitungwa baada ya maseneta kugundua kwamba nchi yao ilikuwa bado inaishi chini ya dharura nne ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifunga, ya zamani kuliko zote ikiwa ya Franklin Roosevelt ya 1933 kuhusu mabenki. Ikaamuliwa kwamba kila dharura itakufa yenyewe inapotimiza mwaka, isipokuwa rais awe ametangaza katika gazeti rasmi la serikali, ndani ya siku 90 kabla ya tarehe hiyo, kwamba inaendelea. Nia ilikuwa njema. Marais wakajifunza kutoa tangazo la kuendeleza kama mwenye duka anavyolipia leseni: dharura ya Iran iliyotangazwa na Jimmy Carter tarehe 14 Novemba 1979, siku kumi baada ya ubalozi wa Tehran kutekwa, imehuishwa mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka arobaini, na ile ya Zimbabwe ilihuishwa na Bush, Obama, Trump na Biden kwa zamu zao.

Sasa itazameni tarehe vizuri. Amri ilitoka tarehe 4 Machi, na dharura ilikuwa inatimiza mwaka wake tarehe 6. Biden angenyamaza tu, ingekufa kwa ukimya. Aliandika amri kwa sababu alitaka kifo cha dharura hiyo kionekane, na kwa sababu alitaka kusema, katika karatasi hiyo hiyo, kwamba serikali yake bado ina wasiwasi kuhusu ukatili dhidi ya wapinzani na ufisadi. Wale wanaosherehekea kufutwa kwa dharura huruka sehemu hiyo.

Lipo jambo jingine ambalo binafsi naliona ndilo kiini cha hadithi yote. Mpango wa Global Magnitsky, ambako majina yalihamia, nao umesimama juu ya dharura ya kitaifa, ile iliyotangazwa na Donald Trump tarehe 20 Desemba 2017 kuhusu ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu na ufisadi popote duniani. Mwanga mmoja ulizimwa na mwingine ulikuwa tayari unawaka chumba cha pili. Tofauti ni kwamba dharura ya pili haina jina la nchi. Hakuna tena amri inayosema "hali ya Zimbabwe". Kuna amri inayosema "watu watendao mambo haya", na Zimbabwe imeingia humo kwa mlango wa majina. Tofauti hiyo si ndogo: mtu au kampuni iliyokuwa imezuiwa chini ya mpango wa zamani pekee ilitoka siku ile ile, na kanuni za Wizara ya Fedha zilizohusu Zimbabwe zikaondolewa vitabuni. Lakini pia si ushindi ambao serikali ya Harare iliutangaza.

Nakaribisha michango. Naomba tu tusichanganye amri ya rais na sheria ya bunge, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa, nami nitapafikia.

Mshale_wa_Kusini

Mkuu Karani, nakushukuru kwa kazi nzuri, ila naona unamlainishia mwenye nguvu. Mtu akinivua shati na kunivalisha jingine la kitambaa kile kile, kisha akatangaza barabarani kwamba amenivua shati, sitaitisha mkutano wa kumpongeza kwa usahihi wa lugha. Rais wa nchi akizuiwa, na mkewe, na makamu wake, na waziri wake wa ulinzi, nchi imezuiwa. Hakuna mwekezaji atakayekaa chini kusoma kama ni amri namba 13288, ile ya Bush ya 2003, au 13818, ile ya Trump ya 2017.

Na tusisahau mwanzo wake. Mashamba ya Wazungu yalianza kuchukuliwa mwaka 2000. Sheria ya Bunge la Marekani dhidi ya Zimbabwe, ZDERA, ikatiwa saini tarehe 21 Desemba 2001. Unaweza kuniambia ni haki za binadamu, lakini kalenda nayo ina kauli yake.

Karani_Mstaafu

Ndugu Mshale, kalenda ina kauli, lakini inabidi isomwe yote. Zimbabwe iliacha kulipa madeni yake kwa Benki ya Dunia mwaka 2000. Septemba 2001 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliiondoa kwenye orodha ya nchi zinazostahili mikopo yake nafuu kwa sababu ya malimbikizo. ZDERA ikaja Desemba. Kwa lugha nyingine, mlango wa mikopo ulikuwa umekwisha kurudishwa, na Bunge la Marekani likaja kuuwekea komeo.

Komeo hilo lifafanuliwe, kwa kuwa ndilo linalouma zaidi na ndilo ambalo amri ya Machi 2024 haikuligusa wala isingeweza kuligusa. ZDERA inamtaka Waziri wa Fedha wa Marekani amwelekeze mwakilishi wa nchi hiyo katika kila taasisi ya fedha ya kimataifa apinge mkopo wowote, dhamana yoyote na msamaha wowote wa deni kwa serikali ya Zimbabwe, mpaka masharti kadhaa yatimizwe: utawala wa sheria, uchaguzi huru, utaratibu wa kisheria katika ardhi, na hata, wasomaji wetu wa Goma na Lubumbashi watashangaa, kutekelezwa kwa makubaliano ya Lusaka ya kumaliza vita vya Kongo, kwa sababu wakati ule wanajeshi wa Zimbabwe walikuwa bado upande wa serikali ya Kinshasa. Sheria hiyo haisimami juu ya dharura. Haifi kila Machi. Ilirekebishwa Agosti 2018, miezi michache baada ya Mugabe kuondolewa na jeshi, na rais hawezi kuifuta kwa kalamu yake. Bunge ndilo lililoifunga na Bunge ndilo lenye kuifungua.

Kura ya Marekani katika Benki ya Dunia ni karibu asilimia 16 tu, na mkopo wa kawaida hupita kwa wingi wa kura. Peke yake, basi, kura hiyo haizuii mkopo. Inazuia kwa kuwa hakuna mkopo mpya utakaotolewa malimbikizo yakiwa hayajalipwa, na mpango wa kuyalipa kwa kusamehewa sehemu unahitaji wakubwa wote wakae meza moja, pamoja na yule aliyeamriwa na bunge lake kusema hapana. Zimbabwe ilimaliza kulipa malimbikizo ya IMF Oktoba 2016, vikwazo vyote vikiwapo, na bado milango mingine haikufunguka. Kwa hiyo nakubali nusu ya hoja yako: sheria ya Bunge inaumiza nchi nzima, si majina. Nusu ya pili siikubali, kwa sababu mfumuko wa bei uliofikia asilimia milioni 231 Julai 2008, kwa takwimu za serikali yenyewe, ulitoka kwenye mashine ya kuchapa noti ya Harare, na mashine hiyo haikuwa imezuiwa na mtu.

MamaShehena

Kaka zangu, mmesema mengi ya karatasi; mniruhusu niseme ya kaunta. Mimi nashughulika na kusafirisha mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma, Lusaka na Chirundu hadi Harare. Mwaka mmoja kabla ya korona nilikuwa na mteja wa huko, muuza vipuri vya matrekta, ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote wala hakuwa na ndugu serikalini. Alinitumia dola kwa TT, yaani uhamisho wa fedha wa benki kwa benki. Fedha hazikufika. Siku ya nne naambiwa zimesimama New York, kwa sababu dola yoyote inayovuka mipaka hupita kwenye benki ya huko hata kama mtumaji yuko Harare na mpokeaji yuko Kariakoo. Benki yangu, ambayo sitaitaja, ikaniletea maswali: mzigo ni nini hasa, mmiliki wa kampuni ni nani, mmiliki wa mmiliki ni nani, nakala ya pasipoti iko wapi. Tulijibu. Yakaja mengine. Fedha zilikaa siku 23, na makontena yangu mawili yakawa yanahesabiwa tozo ya kuhifadhiwa bandarini kila siku jua likichomoza.

Ndiyo maana Machi 2024 niliposikia kwamba imekwisha nilikwenda benki mwenyewe kuuliza. Kijana wa idara inayokagua miamala alikuwa na adabu na alikuwa mkweli. Aliniambia, "Mama, kanuni imefutwa, lakini neno Zimbabwe bado linawasha taa kwenye mfumo wetu, na sina ruhusa ya kuizima." Kwa hiyo ndugu Mshale ana haki anaposema kwamba hakuna anayesoma namba za amri. Wanaozisoma ni wachache, nao ndio wanaoogopa zaidi.

Karani_Mstaafu

Mama, ushuhuda wako una thamani kuliko aya zangu tatu. Nikuongezee sababu ya kuogopa kwao. OFAC ina kanuni ya asilimia 50: kampuni ambayo nusu yake au zaidi inamilikiwa na mtu aliyezuiwa, au na watu waliozuiwa kwa jumla ya hisa zao, nayo inahesabiwa imezuiwa hata kama jina lake halimo kwenye orodha. Kazi ya kujua nani anamiliki nini inaachwa kwa benki. Na benki ikikosea haina pa kujificha: Aprili 2019 Standard Chartered ilikubali kulipa dola milioni 18 na ushei kwa miamala iliyohusu vikwazo vya Zimbabwe peke yake, ikiwa sehemu ya suluhu kubwa zaidi iliyohusu nchi nyingine. Mkaguzi anayekumbuka hesabu hiyo atapendelea kukupoteza wewe na vipuri vyako kuliko kumweleza bosi wake kwamba alikuwa na hakika ya asilimia tisini.

Zaidi ya hapo, kukomesha dharura hakufuti yaliyopita. Sheria ya 1976 inasema wazi kwamba kesi, adhabu na wajibu uliozaliwa wakati dharura ingali hai huendelea baada ya dharura kufa. Benki iliyokosea mwaka 2022 haikusafishwa Machi 2024.

Mtu_wa_Ujiji

Naomba tusiishie Zimbabwe, kwa sababu sisi wa Kigoma tumewahi kuona jambo hili likifanyika jirani kabisa, na likaisha tofauti.

Tarehe 13 Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni Bujumbura kwamba amempindua. Mapinduzi yalishindwa, damu ikamwagika kwa miezi, na watu wakazidi kuvuka kuja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tarehe 22 Novemba 2015 Barack Obama akatangaza dharura ya kitaifa kuhusu Burundi, na majina manne ya kwanza yalikuwa ya pande zote mbili: wawili wa serikali, akiwamo Alain-Guillaume Bunyoni, na wawili wa mapinduzi, akiwamo Niyombare mwenyewe. Hilo lilinipa heshima kidogo kwa aliyeandika orodha ile.

Kisha Évariste Ndayishimiye akachaguliwa Mei 2020, Nkurunziza akafariki mwezi uliofuata, na tarehe 18 Novemba 2021, siku nne kabla ya dharura kutimiza mwaka, Biden akaikomesha. Hapakuwa na orodha ya pili siku hiyo, wala majina kuhamia chumba kingine. Umoja wa Ulaya nao, uliokuwa umesimamisha msaada wa bajeti tangu Machi 2016, ukaurejesha Februari 2022. Bunyoni alitoka kwenye orodha ya Marekani akiwa waziri mkuu; miaka miwili baadaye, Desemba 2023, mahakama ya nchi yake mwenyewe ikamhukumu kifungo cha maisha. Dunia ina vioja.

Swali langu kwa Karani: kwa nini Burundi ilipewa kufutwa kwa kweli na Zimbabwe ikapewa kuhamishwa?

Karani_Mstaafu

Kwa maoni yangu, ni kwa sababu Burundi ilimpa Biden jambo la kuandika: rais mpya kwa uchaguzi, ghasia zilizopungua, wafungwa walioachiwa. Unaweza kubishana kuhusu ukubwa wa mabadiliko, lakini karatasi ilikuwa na sentensi ya kujaza. Zimbabwe mwaka 2024 ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi wa Agosti 2023 ambao hata waangalizi wa SADC, safari hii wakiongozwa na Mzambia Nevers Mumba, walisema haukutimiza baadhi ya matakwa ya katiba na miongozo ya jumuiya. Washington ilitaka kujiondolea lawama ya kuiadhibu nchi bila kumwondolea lawama rais wake. Kuhamisha majina kulitimiza yote mawili.

Na kuna mpangilio wa tatu, wa Sudan, unaokwenda kinyume. Bill Clinton alitangaza dharura tarehe 3 Novemba 1997 na kuiwekea nchi nzima vikwazo vya biashara. Oktoba 2017 vikwazo hivyo vya jumla viliondolewa, lakini dharura yenyewe ikaachwa hai, ikihuishwa kila Novemba kama kawaida, kwa sababu majina ya waliozuiwa kwa vita vya Darfur yalikuwa yanaitegemea. Zimbabwe ilipoteza dharura ikabaki na vikwazo. Sudan ilipoteza vikwazo ikabaki na dharura. Ndiyo maana nasema anayesoma neno hilo moja tu kwenye kichwa cha habari hajajua lolote.

Mshale_wa_Kusini

Hapo nimekuelewa zaidi, Mkuu. Naona Syria nayo ni hivyo hivyo. Juni 30, 2025 Trump alikomesha dharura ya mwaka 2004, akafuta rundo la amri, lakini Bashar al-Assad na watu wake wakabaki wamezuiwa kwa amri nyingine iliyorekebishwa kusudi iwabebe. Na Sheria ya Caesar, sheria ya vikwazo dhidi ya Syria iliyokuwa ya Bunge, haikufa siku hiyo. Ilisubiri Bunge lenyewe liifute, Desemba 2025.

Lakini utaona tofauti: kwa Syria, rais alisimama Riyadh mwezi Mei akatangaza, na ndani ya miezi saba hata Bunge likafuata. Zimbabwe imeisubiri ZDERA tangu 2001. Kwa hiyo utaratibu upo, tena unaweza kukimbia kama swala, ila anayepanda mgongoni ndiye anayeamua.

Nguzo_ya_Reli

Mimi ni mzee, mtanisamehe nikirudi nyuma. Mnazungumzia vikwazo vya Marekani kwa nchi ile kana kwamba vilianza 2003. Vilianza ilipokuwa Rhodesia.

Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, alijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Desemba mwaka huo Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kuwa haikumchukulia hatua ya maana. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya lazima 1966, ukavikamilisha 1968. Rais Lyndon Johnson alivitekeleza kwa amri, na hakuhitaji kutangaza dharura yoyote, kwa kuwa alitumia sheria ya 1945 ya ushiriki wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Kisha mwaka 1971 Bunge lao likapitisha kifungu kinachoruhusu kromu ya Rhodesia iingie Marekani, vikwazo vikiwapo. Kikafutwa Machi 1977, na Carter akaviondoa vikwazo vyenyewe tarehe 16 Desemba 1979, siku chache kabla ya mkataba wa Lancaster House kutiwa saini.

Wakati kromu inapita, sisi tulikuwa tunalaza mataruma ya TAZARA ili shaba ya Zambia isipite kwa Smith, na mafuta yalikuwa yakipanda Ndola kwa bomba la TAZAMA tangu 1968. Vikwazo vile vilitugharimu sisi kuliko vilivyomgharimu aliyevipigia kura. Nasema hivi kwa sababu ndugu Karani ameeleza kwamba Bunge ndilo lenye neno la mwisho. Ni kweli, nami nimeliona neno hilo likitumika pande zote mbili.

Karani_Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Sikujua kuhusu sheria ya 1945, na inaongeza jambo kubwa: vikwazo vilivyotoka Umoja wa Mataifa vilisimama juu ya kura ya dunia, na hivi vya 2003 na 2024 vimesimama juu ya tangazo la mtu mmoja kwamba anatishiwa. SADC ikidai viondolewe, haina mahali pa kupeleka rufaa. Inaweza tu kumwomba aliyetangaza, na kuliomba Bunge lake.

Tunduma_Mpakani

Habari zenu wakubwa. Nimesoma yote kwa makini. Nina swali la mkate wa kila siku: nimepata oda ya kupeleka saruji na nondo kwa kampuni moja ya ujenzi ya Harare, malipo kwa dola. Mama Shehena, nichukue au niache?

MamaShehena

Mwanangu, usiache na usikimbilie. Kabla hujapokea hata senti, mwombe mteja cheti cha usajili wa kampuni na karatasi ya wanahisa iliyotolewa na msajili wao, si ile anayokuchapia mwenyewe. Kila jina lililomo litafute kwenye orodha ya OFAC, iko wazi mtandaoni na haina malipo, na ulitafute kwenye orodha nzima, usiangalie sehemu ya Zimbabwe peke yake, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo iliyofutwa na majina yako kwingine. Kampuni za ujenzi ziangalie mara mbili. Mojawapo ya zile tatu za Machi 2024, Fossil Contracting, ni ya ujenzi. Ukiona wanahisa ni kampuni nyingine, omba na karatasi za hiyo nyingine, mpaka ufike kwa binadamu mwenye pasipoti. Kisha zipeleke benki yako kabla ya mzigo kupakiwa, ili maswali yaje saruji ikiwa bado ghalani. Mkiweza kukubaliana malipo kwa randi, fedha hazipiti New York, ila uulize kwanza benki yako inapokea randi kwa gharama gani. Na kwenye barua yako usiwaandikie kwamba vikwazo vya Zimbabwe vimeondolewa. Mimi niliandika hivyo mara moja, na sentensi hiyo peke yake iliniletea maswali sita.